Ngiri Ijayo Baada ya Kisu

Katika mwambao wetu neno ngiri limezoea kukaa mahali pamoja tu. Likitajwa barazani, wasikilizaji huelekeza fikira zao kwenye kinena cha mwanamume mtu mzima, wakakumbuka visa vya mabusha na mishipa, na pengine wakapunguza sauti kwa ajili ya watoto waliopo; na mwanamke akiambiwa hospitalini kwamba ana ngiri, aghalabu hushtuka, akadhani kwamba daktari amekosea jina la mgonjwa. Neno kufungwa hivyo katika maana finyu kumeleta madhara, maana ngiri ya kitabibu haijui kinena peke yake wala haichagui wanaume: ni kila pahali ambapo kitu cha ndani ya tumbo, utumbo wenyewe au mafuta yaufunikayo, hupenya penye udhaifu wa ukuta wa tumbo na kututumka chini ya ngozi. Na iko ngiri moja isiyosemwa sana, iwapatayo watu ambao tayari wamekwisha kuonja mashaka ya kutosha, nao ni wale waliopasuliwa, wakatolewa utumbo nje, wakawa wanapata haja zao kwa tundu lililo tumboni.

Tundu hilo matabibu huliita stoma, neno la Kiyunani lenye maana ya mdomo, na kwa hakika hushabihi mdomo: ni nyama nyekundu yenye unyevu, isiyouma ikiguswa, iliyokunjwa na kushonwa kwenye ngozi ili haja itokee hapo ipokewe na mfuko uliobandikwa. Ukitolewa utumbo mpana, upasuaji huitwa kolostomia. Ukitolewa utumbo mwembamba, ileostomia. Na mkojo ukifanyiwa njia mpya, urostomia. Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1710 tabibu Mfaransa Alexis Littré, baada ya kuchunguza maiti ya mtoto mchanga ambaye njia yake ya haja kubwa haikufunguka, alitoa rai kwamba utumbo ungeweza kuletwa juu ya tumbo; na mwaka 1793, katika mji wa Brest, mpasuaji aitwaye Duret aliitimiza rai hiyo kwa mtoto wa siku tatu mwenye kasoro kama ile, naye mtoto akaishi hata umri wa miaka 45.

Katika nchi za Ulaya watu wengi wenye stoma wameipata kwa ajili ya saratani au maradhi ya muda mrefu ya utumbo. Huku kwetu Afrika ya Mashariki saratani ya utumbo ipo, tena yatajwa mara kwa mara katika hospitali zetu kubwa, lakini pamoja nayo ziko sababu nyingine ambazo Mzungu wa leo hazioni sana: utumbo uliojisokota kama kamba iliyopinda, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, majeraha ya ajali za barabarani, na watoto wanaozaliwa hawana njia ya haja. Sababu hizi nyingi zina sifa moja inayotuhusu sana katika mazungumzo haya, nayo ni kwamba huja ghafla. Mgonjwa hufikishwa usiku wa manane, tumbo limefura kama ngoma, hana wasaa wa kushauriwa wala mpasuaji hana wasaa wa kushauri, na stoma huwekwa pale ambapo mkono wa haraka umeona panafaa.

Tumwazie mchukuzi wa magunia, mtu wa miaka hamsini na kitu, mvutaji wa sigara tangu ujana wake, mwenye kikohozi ambacho amekwisha kukizoea hata hakihesabu kuwa maradhi. Utumbo wake umejisokota. Amepewa nusukaputi, sehemu iliyokufa imekatwa, na kolostomia imefanywa upande wa kushoto, kwa ahadi kwamba baada ya miezi kadhaa atarudi afungwe. Jeraha limepona, mfuko ameuzoea, mkewe amejifunza kuubadili, na kwa kuwa nyumba haina mwingine wa kuitafutia, juma la sita amekwisha kurudi kazini. Mwezi wa nne au wa tano, siku moja anapojifunga kikoi baada ya kuoga, anaona kwamba upande wa kushoto umeinuka kuliko wa kulia. Akilala unanywea, akisimama na kukohoa unarudi. Hamwambii mtu. Anakivuta kikoi juu kidogo, anavaa kanzu pana, na anaendelea na magunia yake, huku mfuko ambao jana ulishika siku tatu sasa ukivuja kabla ya jua kuchwa. Mtu wa namna hii ndiye ninayemwandikia, na pamoja naye mwuguzi ambaye angeweza kumzuilia shida hii au walau kumpunguzia.

Ili kufahamu kilichomfika, hatuna budi kuutazama ukuta wa tumbo. Ukuta huu umefumwa kwa matabaka, mithili ya mkeka uliosukwa kwa kili za mielekeo mbalimbali: misuli mingine hushuka wima, mingine huenda mshazari, mingine hukingama, na kati yao na juu yao zimo tando ngumu zenye nguvu kuliko nyama yenyewe. Mpasuaji anapoingia tumboni kwa sababu nyingine yoyote, hushona alipopasua, tabaka kwa tabaka, na kuacha kovu lililofungwa. Stoma peke yake ndiyo jeraha ambalo huachwa wazi kwa makusudi, maana ndani yake lazima utumbo upite, na utumbo huo si kigingi kilichotulia: hujaa, hunywea, hujinyonga na kujisukuma usiku na mchana. Tundu likifanywa jembamba mno, utumbo hukabwa na kukosa damu. Likifanywa pana mno, kilicho ndani hupata mlango wa kutokea pamoja nao. Na hata mpasuaji hodari akipata kadiri iliyo sawasawa siku ile ya kwanza, nguvu ya tumbo, ambayo huongezeka kila mtu akohoapo, apigapo chafya, ainuapo mzigo au ajikakamuapo chooni, hubaki ikiivuta mizingo ya tundu miaka yote inayofuata. Mtaalamu wa hisabati wa Ufaransa, Laplace, alikwisha kuonyesha kwamba mvuto katika ukuta wa chombo cha mviringo hukua kadiri chombo kinavyopanuka. Ndiyo maana tundu lililoanza kutanuka huzidi kuvutwa, na kadiri linavyovutwa huzidi kutanuka, hata uvimbe uliokuwa kama yai ukawa kama dafu.

Nataka msomaji mwenye stoma aelewe vema kwamba ngiri hii ni jambo la watu wengi, na kuipata si alama ya uzembe wake wala ya nuhusi. Mwongozo wa Jumuiya ya Ngiri ya Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 unakadiria kwamba katika mwaka wa kwanza huwapata zaidi ya watu 30 katika kila 100 wenye stoma, katika mwaka wa pili 40, na kadiri miaka inavyozidi hufika nusu yao au hata kupita. Kolostomia ya kudumu, iliyo na mwisho mmoja wa utumbo, ndiyo ihatarishwayo zaidi. Zile za muda, zilizofanywa kwa kuutoa utumbo kama kitanzi, huonekana kuwa na ngiri chache, na sababu moja ni kwamba hufungwa mapema kabla udhaifu haujapata miaka ya kukua. Ahadi ya kurudi kufungwa, basi, si jambo la kuahirishwa bila sababu ya kitabibu. Kila mwaka ambao mchukuzi wetu anaukalia kwa kukosa nauli au kwa kuogopa kisu cha pili ni mwaka ambao ukuta wa tumbo lake unaendelea kuvutwa.

Sasa ni nani wa kuhofiwa zaidi? Umri huja kwanza, kwa kuwa nyama na tando za mzee zimepungua nguvu, na hili halina dawa. Unene nao ni jambo zito, hasa ule ujikusanyao kiunoni, maana mafuta yaliyo ndani ya tumbo husukuma kutoka ndani saa zote, hata mtu akiwa amelala. Uchunguzi uliofanywa Ubelgiji na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wenye kolostomia ambao mzingo wa kiuno chao ulipita sentimita 100 walikuwa na nafasi ya takriban asilimia 75 ya kupata ngiri, na kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakihitaji mashine yoyote: utepe wa fundi cherehani watosha. Lakini mtu asidhani kwamba wembamba ni salama wakati wowote, kwa kuwa mgonjwa aliyekondeshwa na maradhi, aliyekosa chakula cha kujenga mwili kabla ya upasuaji na baada yake, hana mali ya kuponeshea jeraha, na kovu lake huwa kama saruji iliyochanganywa na mchanga mwingi.

Tumbaku inastahili kutajwa peke yake, maana humdhuru mgonjwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Hupunguza damu na hewa zifikazo kwenye jeraha, hivyo kovu hufungana vibaya. Kisha humletea kikohozi, na kila kikohozi ni ngumi ipigwayo kwenye kovu hilo dhaifu kutoka ndani. Kifua kikuu kisichotibiwa, pumu isiyotulizwa, na ule moshi wa kuni uwakaao jikoni mwa mama zetu miaka nenda miaka rudi, huleta kikohozi kilekile na matokeo yaleyale. Kwa hiyo kutibu kifua kabla ya kupasua tumbo ni sehemu ya kuzuia ngiri, ingawa watu wengi hawaoni uhusiano wa viungo hivi viwili. Uyabisi wa tumbo, tezi ya kiume iliyovimba ikamlazimisha mzee kujikakamua ili akojoe, maji yaliyojaa tumboni kwa maradhi ya ini, dawa za jamii ya steroidi zinazotumiwa muda mrefu, kisukari kisichodhibitiwa, jeraha lililoingia usaha, ngiri nyingine aliyowahi kuwa nayo mgonjwa mwilini mwake: yote haya matabibu huyaweka katika hesabu.

Kisha ziko sababu zilizo katika mikono ya mpasuaji, nazo kubwa yao ni upana wa tundu. Kadiri linavyozidi haja ya utumbo, ndivyo hatari inavyozidi, na tofauti ya milimita chache si ndogo. Upasuaji wa dharura hukusanya mabaya mengi pamoja: utumbo umevimba na kudai tundu pana, mgonjwa amepungukiwa na maji na damu, na mahali pa stoma hapakuchaguliwa. Baadhi ya wapasuaji huweka wavu mwembamba wa nyuzi za plastiki kuzunguka stoma tangu siku ya kwanza ili kuutia nguvu ukuta, na mwongozo ule wa Ulaya niliokwisha kuutaja uliunga mkono jambo hilo kwa kolostomia za kudumu zisizo za dharura. Lakini majaribio yaliyofanywa baadaye Sweden na Ufaransa hayakuona faida iliyotarajiwa, na mjadala haujafungwa. Hapa kwetu, ambako wavu ni ghali na upasuaji mwingi ni wa usiku, sioni kwamba wokovu wa watu wengi utatoka huko. Utatoka zaidi katika kazi ya mwuguzi, ambayo haina fahari ya chumba cha upasuaji, na kwa sababu hiyo haithaminiwi kama inavyostahili.

Kazi hiyo huanza kabla ya kisu, kwa kalamu. Mwuguzi aliyefunzwa humketisha mgonjwa, humsimamisha, humlaza, humwinamisha, na katika kila hali huutazama ukingo wa tumbo: mikunjo yake i wapi, makovu ya zamani yako wapi, mfupa wa nyonga umetokeza wapi, kitovu ki umbali gani. Anatafuta mahali palipo bapa, kiasi cha sentimita tano kila upande, panapopitiwa na ule msuli wa wima ulio kando ya kitovu, tena ambapo macho ya mgonjwa mwenyewe yapaona bila kioo. Hapo hutia alama isiyofutika upesi. Katika vitabu vya kigeni huandikwa kwamba aepuke mstari wa mkanda wa suruali. Kwetu aulize mtu hujifunga kikoi au msuli kwa urefu gani, na mwanamke hufunga kanga yake wapi, na mtoto hubebwa kwa mbeleko upande gani. Aulize pia habari ya sala.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Niwie radhi, baba, nakuomba urukuu kidogo, kisha usujudu kama usalivyo nyumbani, nilitazame tumbo linavyokunjika."

Mzee akisujudu mbele ya mwuguzi huyo, mkunjo ambao haukuonekana alipokuwa amelala hutokea, na alama husogezwa sentimita tatu. Sentimita hizo tatu huenda zikawa tofauti baina ya mfuko ushikao na mfuko uvujao mara tano kwa siku. Mgonjwa wa dharura naye asinyimwe haki hii kwa kisingizio cha haraka, maana wakati wa kutafutiwa damu na kuandaliwa chumba dakika chache hupatikana, na alama iliyotiwa kwa mgonjwa aliyelala na kuketishwa kidogo ni bora kuliko kutokuwa na alama. Tena mwenye stoma ambaye hupata shida ya kusujudu, kwa maumivu au kwa uvimbe, asijilazimishe. Sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kusali kwa kuketi, na habari ya udhu wake wa mwenye udhuru amwulize shehe wake bila kuona haya, kwa kuwa wamekuwapo wengi kabla yake.

Baada ya kisu, mafunzo ya mwuguzi ni ya mambo madogo yanayorudiwa. Mgonjwa anapohisi kikohozi au chafya inakuja, aweke kiganja juu ya stoma na mfuko wake, au ashike mto mdogo, akandamize kwa upole hata kikohozi kipite. Asiinuke kitandani kwa kujikunja moja kwa moja kutoka chali kama tulivyozoea. Kwanza ageuke ubavu, ashushe miguu, ndipo ajisukume kwa mkono. Katika miezi mitatu ya kwanza asinyanyue kizito, na wauguzi wengi husema kizito ni kile kinachopita birika lililojaa maji, yaani kilo mbili au tatu. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Mtungi, gunia, mtoto wa miaka minne, kinu na mchi wake, jembe katika ardhi ngumu, vyote vimo katika marufuku hiyo. Nakiri kwamba ni rahisi kuandika hivi kuliko kuishi hivi katika nyumba ambayo maji hutekwa mbali. Kwa hiyo nasaha hii isisemwe kwa mgonjwa peke yake. Mwuguzi amwite mume, mke, mwana au jirani wa karibu, aseme mbele yao wote kwamba mtu huyu hatateka maji hata mwezi fulani, ili mgonjwa mwenyewe asionekane mvivu nyumbani kwake.

Kutonyanyua si kukaa kitandani. Misuli isiyotumika hudhoofu, na siku chache baada ya upasuaji, kwa idhini ya daktari, mgonjwa hufundishwa mazoezi mepesi: hulala chali, magoti yamekunjwa, hutoa pumzi pole pole huku akivuta kitovu ndani, hushika kidogo, huachia, kisha hulaza magoti pamoja upande huu na upande ule. Kutembea kila siku ni katika mazoezi yaliyo bora, nako hakuna gharama. Pamoja na hayo choo kiwe laini: mwenye kolostomia anywe maji ya kutosha, ale mboga, kunde na matunda, asingoje uyabisi umshike. Mwenye ileostomia hana mashaka ya uyabisi namna hiyo. Lake yeye ni kupungukiwa na maji na chumvi, na vyakula vyenye nyuzi nyingi huweza kumzibia utumbo, kwa hiyo ashike mafundisho yake mwenyewe wala asimwige jirani mwenye kolostomia.

Nafika sasa kwenye mshipi wa tumbo, na hapa wanawake wa mwambao wana elimu ya zamani. Mama aliyejifungua alifungwa mkaja kiunoni siku nyingi, nguo ikiviringishwa na kukazwa kwa ustadi wa mkunga, ili tumbo lililolegea lipate mhimili. Mshipi wa mwenye stoma ni ndugu wa mkaja ule. Hutengenezwa kwa kitambaa chenye kunyumbuka, upana wake hupimwa kwa kila mtu, nao huvaliwa hasa wakati wa kazi na wa kutembea kisha huvuliwa usiku. Siri yake ni kwamba ufungwe mtu akiwa amelala chali, dakika kadhaa baada ya uvimbe kunywea, maana ukifungwa kwa kusimama, utumbo uliokwisha kutoka hubanwa nje badala ya kuzuiwa ndani. Tofauti yake na mkaja wa mzazi ni kubwa na isisahauliwe: tumbo la mzazi halina tundu, na la huyu linalo. Kukaza sana huzuia haja isishuke mfukoni na huweza kuiumiza stoma yenyewe. Kwa hiyo anayetumia nguo ya nyumbani kwa kukosa mshipi wa hospitali aoneshwe kwanza na mwuguzi, na atazame rangi ya stoma kabla ya kufunga na baada ya kufungua.

Ngiri ikiwa imekwisha kutokea, matunzo hayajapotea, hubadilika tu. Stoma iliyokuwa duara huvutika ikawa mviringo wa yai, na anayeendelea kukata kibandiko kwa kipimo cha siku za kwanza huacha ngozi wazi, ikaliwa na haja hata ikawa kama iliyomwagiwa maji ya moto. Basi stoma ipimwe upya, na tundu la kibandiko liizidi kwa milimita mbili au tatu tu. Kibandiko kigumu hakiwezi kushika juu ya kilima. Hutafutwa kilicho laini, au huchanjwa kidogo pembeni ili kifuate umbo la uvimbe. Na kwa kuwa uvimbe huificha stoma isionekane kutoka juu, kioo kidogo cha mkononi humrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu mwenye staha lina thamani kupita kiasi. Maudhi haya ya kuvuja ndiyo humfungia mtu ndani, akaacha kwenda arusini, msikitini na kanisani, hata wengine wakadhani amekuwa mwenye kiburi.

Uuguzi wa namna hii una asili inayonigusa. Mwaka 1954 mwuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, akimwona dada yake aliyefanyiwa stoma akijitenga na watu kwa hofu ya kuvuja, alibuni mfuko wa kubandika kwenye ngozi. Na katika Marekani, mwanamke aitwaye Norma Gill, ambaye yeye mwenyewe aliishi na ileostomia, aliajiriwa mwaka 1958 na mpasuaji wake, Rupert Turnbull, katika hospitali ya Cleveland Clinic, awasaidie wagonjwa wenzake. Akawa wa kwanza katika kazi hiyo, na mwaka 1978 akaanzisha baraza la dunia la wauguzi wa stoma. Fani nzima imezaliwa na dada aliyemhurumia dada yake na mgonjwa aliyewahurumia wagonjwa.

Katika watu wenye ngiri hii, wengi huishi nayo kwa matunzo haya bila kupasuliwa tena, na hilo ni la busara, kwa sababu kuirekebisha si kazi nyepesi. Kushona tundu peke yake bila wavu kumeonekana kushindwa mara nyingi, ngiri ikarudi palepale; kuihamishia stoma mahali pengine huweza kuanzisha ngiri ya pili. Njia zinazotumia wavu, ikiwemo ile iliyotangazwa na Sugarbaker mwaka 1985 ya kuulaza utumbo kando chini ya wavu, zina matokeo bora, lakini zataka mpasuaji mzoefu. Uamuzi hutegemea maumivu, kuvuja kusikodhibitika, na afya ya mgonjwa kwa jumla.

Iko hali moja tu isiyongoja mashauri. Uvimbe ukiwa mgumu ghafla na kuuma sana, usiponywea mtu alalapo; haja na hata pumzi zikiacha kushuka mfukoni; kutapika kukianza; au stoma ikigeuka kutoka wekundu wake kuwa ya zambarau au nyeusi: hapo utumbo umenaswa, na damu yake huenda imekatika. Asiitwe mchuaji wa tumbo, asijaribu mtu kuurudisha uvimbe kwa nguvu, asinyweshwe haluli wala dawa nyingine ya kuendesha. Apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku, kwa kuwa utumbo uliokatiwa damu hufa kwa saa chache.

Hayo ni ya dharura, nayo ni machache. Yaliyo mengi ni yale ya mchukuzi wetu anayekivuta kikoi juu kidogo na kunyamaza. Kwake nasema: rudi kliniki, mwonyeshe mwuguzi tumbo lako ukiwa umesimama na ukiwa umelala, na uulize tarehe ya kufungwa. Na kwa wanaosimamia wodi za upasuaji naomba jambo lisilohitaji bajeti kubwa: kalamu ya kutia alama na utepe wa kupimia viwekwe kwenye kila meza ya mwuguzi, na mgonjwa wa stoma asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla yeye na mtu wa nyumbani kwake hawajaonyeshwa, kwa mikono yao wenyewe, namna ya kukohoa, ya kuinuka na ya kufunga mshipi.